Umekufa au Bado?

Kila alfajiri, muadhini wa Rahaleo, Mtwara, akiwa ndiyo kwanza anasafisha koo, Kasiani Luambano alipiga dirisha la Rashidi Chinguile kwa kiganja na kuuliza swali lile lile.

"Mmakonde, umekufa au bado?"

Na Rashidi, huku akitafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, alijibu kama alivyojibu jana na juzi.

"Nakungoja wewe Mngoni utangulie. Nataka nile ubwabwa wako kwanza."

Hapo tena waliongozana kwenda bandarini, njia nzima wakichambana mpaka wanawake wa bombani wakaweka ndoo chini wasikilize. Mgeni angewasikia angekimbilia kwa balozi wa nyumba kumi kushitaki. Wenyeji hawakugeuza hata shingo. Mmakonde na Mngoni ni watani tangu enzi za mababu waliopigana wakachoka, na mtani hana tusi. Mtani anaweza kukuchukulia jogoo wako mchana kweupe, na wewe ukamwongezea ndimu na pilipili. Ukifa, anaweza kuvaa shati lako, akalala kitandani kwako, akaigiza unavyokoroma na akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa watacheka huku machozi yakiwatoka. Kitu kimoja tu hakina ruhusa kati ya watani, nacho ni kukasirika. Wawili hawa walikuwa wamezama humo kiasi kwamba hata kwa majina hawakuitana. Ilikuwa "Mmakonde" na "Mngoni" siku zote, au "mtani" siku ambayo mmoja ana shida na mwenzake.

Kasiani alikuwa msimamizi wa makuli, mtu wa miraba minne. Msimamizi hatakiwi kubeba, lakini yeye alipenda kuwaonyesha vijana kazi. Alinyanyua gunia la korosho kama mama anavyonyanyua mtoto anayelia. Rashidi aliendesha winchi. Alikuwa mwembamba, mpole, fundi wa kazi yake, na, tuseme ukweli, mwoga.

Woga wake ulikuwa na sababu. Baba yake alianguka chini ya mikorosho yake akiwa mtu wa makamo, jembe mkononi, asiamke tena. Kaka yake Shabani akaanguka vilevile, akirudishia mnyororo wa baiskeli. Hakuna kati yao aliyekuwa ameugua. Sasa Rashidi alikuwa amefika umri ule ule, na kifua kilikuwa kikimbana kila alipopanda ngazi ya winchi. Hakumwambia mtu. Hospitali aliiogopa kuliko kaburi, kwa kuwa kaburi halikuambii kitu. Imani yake ilikuwa moja: ugonjwa ambao haujatajwa haujafika.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kuomba mkopo wa nyumba.

Ilikuwa miaka ile ambayo vijijini watu walikuwa wamekwisha hamishwa na kupangwa kwa mistari, na mjini wafanyakazi wakaambiwa nao wajenge nyumba za kudumu, benki itawakopesha. Rashidi akapata kiwanja Likombe. Mkewe Somoe alikwenda kukitazama mara nyingi kuliko alivyokwenda kwao. Alikwisha amua jiko lielekee wapi na mpapai uote wapi. Mambo yote yalikwenda vizuri mpaka siku walipoketi wawili mbele ya Ndugu Modesta, mwanamke wa benki aliyeshughulikia mikopo, naye akasema kwamba limebaki jambo moja dogo, bima ya maisha.

"Hiyo ni lazima?" Rashidi aliuliza haraka.

"Kwa benki yetu, ndiyo."

"Lakini Ndugu Modesta, nyumba yenyewe si ndiyo rehani? Nikifa mtaichukua, basi, hakuna aliyemdhulumu mwenzake."

"Tutaichukua," Modesta alikubali, bila ukali. "Tena bila kukawia. Na huyu mama atatoka na watoto na magodoro yao. Wewe hutakuwepo kuona. Bima ndiyo italipa deni lako ili wao wasitoke. Ni kupimwa tu na daktari, aseme mwili wako ukoje, halafu mambo yanakwisha."

Somoe aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la swali alilokuwa nalo siku nyingi. Rashidi yeye alisikia neno moja tu, kupimwa.

Jioni ile mjomba wake Hassani alifika kutoka Mtawanya na kikapu cha mihogo, akaelezwa habari, akashika kidevu.

"Kukata bima ya maisha! Hilo neno mmelisikia lakini? Kukata maisha! Ntu anakatwa kitovu akizaliwa, anakatiwa sanda akifa. Hapo katikati hapakatwi kitu, mpwa wangu. Ukienda kukikatia bei kifo chako, kitajua njia ya kwako."

"Kweli mjomba," Rashidi alidakia, akishukuru moyoni. "Hata mimi naona hivyo."

"Samahani mjomba," alisema Somoe. Alikuwa akimenya mihogo ile ile, na hakuinua macho, kwa heshima. "Dada yangu Mwanakombo alifiwa na mume. Arobaini haijafika, wajomba wa marehemu wakaja na wapwa zao wakagawana mpaka mlango. Wewe hukuwepo, na wewe si mtu wa namna hiyo. Lakini mimi niliuona ule mlango ukienda kichwani kwa mtu. Sasa nyumba hii ina deni juu. Akifa huyu, wajomba watachukua vyombo, benki itachukua nyumba, na mimi nitachukua nini? Nyumba isiyo na bima siingii, Baba Asha. Bora tubaki kupanga hapa Rahaleo."

Mjomba Hassani alikohoa, akasifu mihogo.

Siku zilizofuata Rashidi hakulala. Alilalia ubavu wa kushoto akausikia moyo ukigonga godoro, akageukia wa kulia akausikia sikioni. Aliuhesabia makosa. Ukienda haraka aliogopa, ukitulia aliogopa zaidi. Aliona mapema kabisa itakavyokuwa: daktari ataweka kile kipira kifuani, atasikiliza, atanyamaza, na ule ukimya ndio utakaomwua, palepale kitandani, shati likiwa wazi.

Njiani kutoka kazini akamwambia Kasiani. Alidhamiria kusema kidogo tu, akajikuta amesema yote, ya baba, ya Shabani, ya kifua. Kasiani alisimama katikati ya barabara akacheka mpaka akashika magoti.

"Yaani Mmakonde mzima, uliyechanjwa uso kwa kisu, unaogopa kipira! Nipe hilo jina lako baya nikalipime mimi."

"Acha mzaha, mtani."

"Mzaha gani? Si ndiyo kazi yangu? Ukifa nitavaa shati lako nijifanye wewe. Nitakuwa naanza mapema tu. Lete na kofia."

Na kwa sababu lilikuja kwa njia ya utani, Rashidi hakulitazama mara mbili. Angeombwa na mtu mwingine amdanganye daktari wa serikali angekimbia. Lakini hili lilikuwa jambo la mtani kuvaa shati la mtani, jambo la siku zote. Ijumaa Kasiani alitinga hospitalini na kofia ya kiua, yeye Mkatoliki wa Peramiho, vifungo vya shati la Rashidi vikilia tumboni, na kitambulisho cha wakati ule kilikuwa kusema tu, "Ni mimi." Daktari alikuwa mgeni, kahamishiwa Mtwara juzijuzi. Hakumjua huyu wala yule.

Jioni alirudi akipepea kofia.

"Mtani, sikujua kama una moyo mtamu hivyo! Daktari kausikiliza, kausikiliza, hakushiba. Kamwita mwenzake naye aje asikilize. Wamenigeuza kama samaki kikaangoni. Nadhani walikuwa hawajawahi kusikia ngoma ya Kingoni."

Rashidi alicheka. Kicheko kilifika katikati kikakwama.

"Wakasemaje?"

"Nirudi Jumatatu, bila kukosa. Nikawaambia nitarudi. Sasa Rashidi Chinguile ni wewe, nenda wewe!" Akamvisha kofia mpaka machoni, akaenda zake kwa Theresia, mkewe, lile shati bado mwilini, akipiga mluzi.

Jumatatu Rashidi hakwenda. Angeendaje? Akienda kama Rashidi wangemwuliza, mbona juzi ulikuwa mnene? Akimtuma tena Kasiani ingebidi amweleze kwa nini, na kueleza ndiko kutaja. Wiki ikapita. Kila alfajiri aliamka kabla ya wakati, akakodoa macho dirishani akingoja kile kiganja. Kilipopiga alishusha pumzi. "Umekufa au bado?" Swali lilikuwa halijabadilika hata herufi, lakini sasa lilimpita mgongoni kama maji ya mtungi.

Siku moja akajaribu. Walikuwa wakipita kwenye mteremko wa kwenda bandarini.

"Mngoni, moyo wako mbovu."

"Na wako umejaa panya, mla panya wewe."

"Nakwambia kweli. Utakufa."

"Nife nimwachie nani deni la pombe?"

Rashidi akaendelea kuteremka. Alisikia aibu, na chini ya aibu akasikia nafuu, kwamba amekwisha sema, basi, mwenyewe hakutaka kusikia. Hivyo ndivyo mwoga anavyojilipa.

Ndipo Ndugu Modesta akawaita benki Rashidi na Somoe. Hakuwakaribisha chai. Aliwafungia mlango kwanza.

"Watu wa bima wamekataa," alisema. "Ndugu Chinguile, pole sana. Daktari anasema ni moyo. Anasema alikwambia urudi, hukurudi. Amesisitiza uende leo, usifanye kazi yoyote nzito, hata ndoo usinyanyue. Kwa moyo ule mtu anaweza kuwa anacheka, akaanguka."

Somoe hakulia. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, pale mezani mbele ya mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Rashidi aliutazama mkono ule. Alifumbua kinywa. Kama angesema, angeweza kufungwa yeye na Kasiani pamoja, na daktari angemwambia, haya, sasa vua shati wewe. Akafumba kinywa. Ukweli ulikuwa umefika mpaka kwenye meno akaumeza.

"Nitakwenda kesho peke yangu," alimwambia mkewe njiani.

Kesho ikafika, hakwenda. Alisema amekwenda, amepewa dawa. Na hapo Somoe akaanza kumwua kwa wema. Alimkaangia mayai yaliyokuwa ya kuuza. Alimnyang'anya ndoo. Alimkataza Asha kumrukia babake. Alimvua viatu. Kila Rashidi alipokohoa, mwanamke yule alisimama na mwiko mkononi, kijasho kikimtoka juu ya mdomo, akisubiri kama ataanguka. Kisha akarudi jikoni, na jikoni kukawa kimya cha mtu anayeuma kanga asisikike. Habari ya nyumba hakuitaja tena. Siku ya tatu Rashidi aliutazama uso wake akaona umezeeka.

"Mama Asha," alisema. "Si mimi."

"Si wewe nini?"

"Sikupimwa mimi. Alikwenda Kasiani. Ule moyo ni wa Kasiani."

Mwiko ulianguka. Somoe alimtazama, na mwanzo kabisa, kabla ya hasira na kabla ya kitu kingine chochote, uso wake uling'aa. Furaha ilimtoka waziwazi kama mtoto. Halafu akajishika mdomo kwa mikono miwili, kwa kuogopa alichofurahia.

"Na mwenyewe anajua?" aliuliza nyuma ya vidole.

Rashidi aliinama kuokota mwiko.

"Baba Asha. Shemeji anajua?"

"Nilimwambia. Alidhani utani."

"Ukamwacha adhani?" Sauti ilikuwa ndogo, lakini Rashidi angependelea kofi. "Leo yuko wapi?"

"Kazini. Kuna meli ya korosho. Leo mimi ni mapumziko."

"Korosho," Somoe alirudia. Akajitanda kanga. "Mimi nakwenda kwa Theresia. Wewe ujue unakokwenda."

Rashidi alitoka mbio. Alikimbia mteremko wa bandarini, kifua kikimbana, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima hakukisikiliza. Alikuwa akisikiliza mbele. Kila kelele iliyotoka ghalani aliidhania kilio. Alimwona kila mahali akianguka: kwenye ubao wa kupandia meli, gunia shingoni, kwenye reli, katikati ya kicheko, kama alivyosema Modesta, huku kinywa kikiwa bado wazi.

Alimkuta ghalani, hai, jasho jembamba likimtiririka, akiwaonyesha vijana namna ya kupanga magunia yasiporomoke. Rangi ya midomo yake haikuwa nzuri. Au ndivyo ilivyokuwa siku zote? Rashidi hakukumbuka, na kutokukumbuka kukamtisha.

"Mngoni, weka hilo gunia chini."

"Oo! Mmakonde kaja kazini siku ya mapumziko! Nani kakufukuza, mkeo?"

"Weka chini. Njoo twende hospitali. Ule moyo waliousikia ni mbovu. Wako. Unakufa, mtani, wallahi unakufa."

Kasiani aliweka gunia chini, akageukia makuli, akapiga makofi.

"Sikieni jamani! Mmakonde anasema nakufa! Kachoka kungoja ubwabwa, kanifuata nao mpaka kazini!"

Ghala zima likaangua kicheko. Mtu akapiga debe. Na Kasiani, ambaye hakuwahi kuacha uwanja ulio tayari bila kuucheza, akashika kifua, akayumba, akazungusha macho, akaanguka chali juu ya magunia, ulimi nje. Makuli wakamzunguka. "Uwii, mama weee!" Mmoja akajifunga gunia tupu kama kanga akawa mjane. Mwingine akadai alipwe ndipo azike. Vumbi la korosho likapanda kwenye mwanga wa mlango.

Kasiani hakuinuka.

Rashidi aliutazama ulimi ule. Alitazama kifua kipana ndani ya singlendi, akatafuta kama kinapanda. Vumbi lilikuwa jingi, hakuona. Wale wakacheka, mjane akajigaragaza, na Kasiani hakuinuka, akakaa vilevile, muda ambao mzaha wowote ungekuwa umekwisha. Rashidi akapiga magoti, akamtikisa mabega, akalaza sikio juu ya kifua kile. Akausikia moyo. Hakuwa daktari, lakini miaka yote alikuwa amesikiliza injini ya winchi, na alijua mlio wa kitu kinachozunguka bila kushika. Uligonga, ukaburuta, ukasita, ukagonga.

Jicho moja likafumbuka. "Bado," alinong'ona Kasiani, akakonyeza.

Kicheko kikaezua bati. Kasiani akaruka juu, akajipangusa, akaenda palepale kwenye magunia. "Sasa maiti itabeba mawili kwa mpigo, mpate kusimulia!" Akainama, akapenyeza mkono chini ya la kwanza.

Rashidi angefanya nini? Kumvuta asingeweza, ilikuwa kama kuvuta meli. Kupiga kelele kungeongeza mzaha, kulia pia. Kila neno alilokuwa nalo walikuwa wamekwisha lichezea miaka yote: kifo, maiti, sanda, ubwabwa. Hakukuwa na hata moja lililobaki zima. Alitafuta ndani yake neno ambalo hawajawahi kulitumia, akalipata moja tu.

"Kasiani," alisema.

Halikusemwa kwa nguvu. Lakini mgongo ule mpana ukasimama ulivyoinama.

"Kasiani Luambano."

Kasiani aliachia gunia. Akageuka polepole. Alimtazama Rashidi kama mtu aliyegongewa mlango na askari. Kicheko kilikuwa bado kimemning'inia usoni, kimesahauliwa pale, na Rashidi akakiona kikiondoka kidogo kidogo, kwanza machoni, kisha mashavuni.

"Umeniita jina," alisema.

"Ndiyo."

"Kumbe kweli."

Akatafuta kwa mkono pa kukalia, akaketi juu ya gunia. Makuli nao wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine. Yule aliyejifunga gunia akalifungua taratibu akaliweka chini.

"Tangu lini?" Kasiani aliuliza.

"Tangu ile Ijumaa."

Angetukana, ingekuwa nafuu. Alitingisha kichwa tu, akamnyooshea Rashidi mkono amsaidie kusimama, na ule mkono ulikuwa wa baridi.

Walikwenda hospitali kwa miguu, wakipumzika njiani. Daktari alipotokeza mlangoni akamwona Kasiani, uso ulimbadilika. "Rashidi Chinguile! Hatimaye!"

"Rashidi ni mimi," alisema Rashidi. Aliyasema yote, pale ukumbini mbele ya wagonjwa. "Huyu ni Kasiani Luambano. Moyo mliousikia ni wake. Mimi niliogopa. Nifanyeni mtakalo, ila mtibuni yeye kwanza."

Daktari alimkaripia mpaka sauti ikapwaya, na alikuwa na haki. Kisha akamwingiza Kasiani ndani. Alikaa naye kwa muda mrefu. Theresia alifika akikimbia pamoja na Somoe, akaingizwa naye. Mlango ulipofunguka daktari alisema kwamba moyo uliharibika tangu homa ya utotoni, umejikokota wenyewe miaka yote hiyo. Kutakuwa na vidonge kila siku, kubeba mizigo kutakoma, na kutakuwa na safari ya Dar es Salaam kwa mabingwa itakapopatikana nafasi. Zaidi ya hapo hakuahidi.

"Na wewe, mwoga," alimwambia Rashidi, "vua shati."

Kipira kilikuwa cha baridi kama alivyokiogopa. Daktari akasikiliza, akanyamaza. Rashidi alifumba macho akamwona baba yake chini ya mikorosho, akamwona Shabani na mnyororo mkononi, akasema kimoyomoyo, haya, nakuja.

"Mzima," alisema daktari. "Kama jiwe la kusagia. Kifua kinakubana kwa hofu tu. Vaa, niondokee."

Rashidi alivaa, akakosea vifungo. Wahenga husema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini hawakusema kitu juu ya mtu anayeficha maradhi asiyokuwa nayo. Angekwenda mwenyewe ile Ijumaa, leo angekuwa anachimba msingi Likombe. Na Kasiani angekuwa anabeba magunia mawili kwa mpigo. Hakujua ashukuru au ajipige, akatoka akakaa kwenye benchi na watu wengine waliokuwa wakingoja dawa.

Benki ilipopata habari haikumpeleka polisi. Modesta alimwombea msamaha. Lakini ombi lilifutwa na kiwanja akapewa mwingine. "Bima si hirizi, Ndugu Chinguile," alimwambia. "Haizuii kufa wala haiiti kifo. Inaulizia tu watakaobaki. Rudi miaka ijayo, na uje na moyo wako mwenyewe." Siku ile Somoe alirudi kwa njia ya Likombe, njia ndefu.

Usiku wa siku ile ya hospitali Rashidi hakulala, na alfajiri muadhini hajasafisha koo alikuwa amekwisha kaa kitandani, viatu vyote viwili miguuni. Alingoja. Alijua huenda mtu haji. Kisha akasikia hatua, za taratibu kuliko zile alizozizoea, zikasimama nje ya dirisha. Akamsikia mtu akivuta pumzi. Halafu kiganja kikagusa ubao, mara moja, kidogo.

"Hodi. Umeamkaje, Rashidi?"

Rashidi aliduwaa na mkono kwenye komeo. Alingoja yaliyobaki. Hayakuja. Salamu ile ya adabu, ambayo angeisikia kwa mtu yeyote wa mtaani asiitie maanani, ilimjaza woga ambao hata kipira hakikumtia. Akafungua mlango. Kasiani alikuwa amesimama ameegemea ukuta, lile shati la Ijumaa mikononi, amelifua, amekuja kulirudisha.

Rashidi alijaribu kuitikia, salama, akashindwa. Akatafuta sauti ya zamani, ile ya kuchambana, ikamtoka ikitetemeka.

"Mngoni, umekufa au bado?"

Kasiani alimtazama. Mdomo ulicheza kidogo, kama unaokumbuka njia. Lakini hakucheka. Alilifikiria mwanzo mpaka mwisho, kama swali la kweli.

"Bado, Rashidi," alijibu. "Bado."